Weusi mwingine ni wa kemia: kusoma upya picha za zamani za Maniema

Wanachama wenzangu, leo naanza kwa kuungama. Mwaka jana wakati wa likizo kubwa nilipiga picha ya mama mmoja sokoni Kabambare, nikaiondolea rangi kwa sababu niliona inapendeza vile, nikaiweka kwenye statusi yangu ya WhatsApp. Chini nikaandika: "Soko la Kabambare." Basi. Mioyo myekundu ikaanza kuingia, mmoja wenu hata aliniita msanii. Siku mbili baadaye yule mama akatuma mtoto aje kuniita. Alikuwa ameiona picha kwenye telefone ya mtoto wa dada yake. Hakukasirika sana. Aliuliza maswali mawili tu: "Mbona umenifanya marehemu? Na jina yangu iko wapi?"

Swali la kwanza lilinichekesha. Kule kwetu picha isiyo na rangi ni ya mtu aliyeondoka. Unaiona kwenye matanga, au ni ile ya kitambulisho cha wakati wa Mbelgiji ambayo familia inaficha kwenye sanduku la bati. Mtu mzima, ana afya yake, anauza samaki zake, kwa nini umnyang'anye rangi?

Swali la pili halikunichekesha. Mimi nimemaliza liseanse ya historia. Kazi yangu ya mwisho ilihusu Kasongo ya zamani, nimeangalia picha za wasafiri kwa mamia, na nikajaza kurasa nikiwalaumu wale wazungu kwamba walipiga watu bila kuandika majina. Halafu mimi mwenyewe, mtoto wa fasi, nikafanya vile vile kwa dakika mbili, na telefone ya dola 80.

Andiko hili limetoka pale. Nilikuwa bado na wiki tatu za kukaa Kabambare kwa Tate wangu, mama ya mama yangu. Nikaamua kuziangalia upya zile picha nilizobeba kwenye telefone, safari hii pamoja naye, chini ya mwembe wake. Nilidhani mimi njo nitamfundisha. Mnajua mambo hayo yanavyoishaga.

Tuanze kabla ya kamera, maana Maniema ilichorwa na watu ambao hawakuiona. Livingstone alifika Kabambare (yeye aliandika Bambarre) mwezi wa 9 mwaka 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza pale karibu miezi mitatu. Kwenye safari yake ya Zambezi, iliyoanza 1858, kamera zilikuwako. Ndugu yake Charles na daktari John Kirk walipiga picha kule. Huku kwetu alifika na kalamu tu, na hata karatasi na wino vikamwishia. Akaanza kuandika juu ya gazeti la zamani la London, akikatiza mistari iliyochapishwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe na mbegu za huku. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye soko la kando ya Lualaba, wakati watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia bunduki watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengi wakazama mtoni. Kitabu cha safari zake za mwisho kilitoka 1874, yeye ameshakufa, na ndani kuna mchoro wa mauaji yale. Aliyeuchora hakuiona Nyangwe, wala hakuwa na picha ya Nyangwe ya kutazamia. Huo njo uso wa kwanza wa Maniema ambao Ulaya iliuona: mti wa kubuni, mto wa kubuni, wanawake wa kubuni.

Ila jambo hilo lina mkia wake, na mimi naupenda. Ule wino wa mbegu ulififia, maandishi ya gazeti yakabaki, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kusoma kurasa zile vizuri. Mwaka 2010 na 2011 kundi la watafiti lilizipiga picha kwa mianga kumi na miwili tofauti, kuanzia ule unaopita zambarau ambao jicho la mtu haliuoni, hadi ule unaopita nyekundu. Kila mwanga ulitoa picha yake ya kijivu. Katika mwanga mmoja gazeti linatawala na mwandiko unapotea. Katika mwingine mwandiko unapanda kama samaki juu ya maji. Walianza na barua aliyoiandika Kabambare mwezi wa 2 mwaka 1871 (kumbe ilikuwa mikononi mwa Peter Beard, yule mpiga picha Mmarekani aliyejulikana kwa picha za tembo wa Kenya). Shajara ya Nyangwe ikafuata mwezi wa 11 mwaka 2011, na ikaonekana kwamba haisemi sawasawa na ile aliyoisafisha Livingstone baadaye.

Nilimwelezea Tate hadithi hii na akaikamata upesi kuliko profesa wangu mmoja. Akasema: "Basi karatasi ni ile ile, ni taa njo ilibadilika." Kabisa. Na hapo nikaona kwamba tunapaswa kuuliza swali hilo hilo kwa kila picha ya zamani ya watu wetu: ilipigwa kwa mwanga gani, na bamba lile lilikuwa linaona nini?

Mnivumilie kidogo na kemia. Picha za zamani zilitengenezwa kwa chumvi ya fedha, ndiyo, ile fedha ya pete, iliyopakwa juu ya kioo na baadaye juu ya filamu. Mwanga ukiigusa chumvi hiyo, baada ya kusafishwa na dawa inakuwa nyeusi, na kutoka pale wanapata picha. Lakini chumvi ya fedha kwa asili yake haioni kama sisi. Inaona buluu na zambarau vizuri sana, kijani kidogo tu, na nyekundu haioni kabisa. Njo maana wapiga picha waliweza kufanya kazi kwenye chumba cha giza na taa nyekundu. Kuanzia miaka ya 1880 walianza kuweka rangi za kusaidia bamba lione kijani na manjano. Mabamba yanayoona rangi zote yaliingia sokoni 1906, lakini yalikuwa ghali na magumu kutunza, na wapiga picha wengi walisubiri hadi miaka ya 1920 na 1930 kuyazoea.

Sasa chukua bamba kama lile, ulilete Kasongo. Mbingu inatoka nyeupe tupu, mawingu hakuna, kwa sababu bamba limekunywa buluu yote. Udongo wetu mwekundu unatoka kama makaa. Kitambaa chekundu cha arusi kinatoka cheusi kama cha kilio. Na ngozi ya mtu? Ngozi yetu ya kahawia inarudisha nyekundu nyingi na buluu kidogo. Bamba lisiloona nyekundu linaifanya nyeusi kuliko ilivyo, mikunjo na macho na ule mng'ao wa shavu vinazama. Unaweza kurekebisha kwa kuacha kamera wazi muda mrefu zaidi. Lakini kama kwenye picha hiyo hiyo kuna bwana mkubwa mwenye suti nyeupe na kofia nyeupe, utapima mwanga kwa ajili ya nani? Jibu mnalijua, mmeliona kwenye vitabu vyenu vya shule: mzungu anaonekana hadi vifungo vya koti, na nyuma yake kuna vivuli kumi na viwili vimebeba sanduku.

Nilijaribu jambo hili mwenyewe, na nyinyi mnaweza kulijaribu usiku wa leo. Programu nyingi za picha kwenye telefone, ukiondoa rangi, zinakuuliza unataka kichujio gani: buluu, kijani, nyekundu. Nilimpiga Tate chini ya mwembe, saa tatu asubuhi, amevaa kitenge chekundu chenye maua meupe. Nikaweka kichujio cha buluu, yaani jicho la bamba la zamani. Uso ukaanguka gizani, macho tu yakabaki, kitenge kikawa cha mjane. Nikaweka nyekundu. Uso ukafunguka, nikaona hata lile kovu dogo la utotoni juu ya nyusi, na kitenge kikawa cheupe hivi kwamba maua hayakuonekana tena. Mtu mmoja, siku moja, picha moja. Nikamwonyesha zote mbili. Akaziangalia sana, kisha akauliza: "Sasa mimi ni yupi?"

Stanley, aliyepita huku mwisho wa 1876 na kufanya mapatano na Tippu Tip ili amsindikize kuteremka Lualaba, alikuwa na kamera katika safari ile. Kitabu chake cha 1878 alikiita kwa jina la bara la giza. Sisemi giza lile lote lilitoka kwenye kemia, hapana, lilitoka vichwani kwanza. Nasema tu kwamba vizazi viwili vya Wazungu viliangalia picha za Kongo vikaona giza, na sehemu ya giza lile ilikuwa ni fedha isiyojua kuona nyekundu. Na sisi wenyewe tumeirithi. Mara ngapi nimesikia mtu wa kizazi chetu, akiangalia picha ya babu zake, anasema: "Ah, watu wa zamani walikuwa weusi kweli"? Walikuwa kama wewe, ndugu yangu. Walikaa mbele ya bamba la buluu.

Lakini maelezo yaliyo chini ya picha hayakuandikwa na kemia. Hapo hakuna kisingizio.

Fikirieni ni uso wa nani tunaujua kutoka Kasongo ile ya kabla ya Wabelgiji. Tunaujua uso wa Tippu Tip akiwa mzee, ndevu nyeupe. Maneno yake pia tunayo: alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, yeye bado hai Unguja, ambako alifariki mwezi wa 6 mwaka 1905. (Sisi wa Kasongo tunaojivuna kwamba Kiswahili chetu njo bora Kongo nzima, wangapi tumesoma kitabu hicho?) Unguja ya wakati ule ilikuwa na studio za picha za Wagoa kama Gomes na Coutinho. Mwenye mali alikaa kwenye kiti na kupigwa picha kwa jina lake. Mchukuzi kutoka Maniema, yule aliyebeba pembe miezi na miezi hadi pwani, kama alipigwa alikuwa mfano wa kabila, anauzwa kwa kadi.

Huku nyuma Kasongo iliangukia mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi wa 4 mwaka 1893, Kabambare ikafuata mwezi wa 1 mwaka 1894. Mji wenyewe ulihamishwa baadaye. Fasi ya zamani leo tunaiita Kasongo-Tongoni, na neno hilo tunalitamka kila siku bila kulisikiliza: tongo, mji uliohamwa. Waliochimba pale kutafuta vyungu na misingi ya nyumba waliwauliza wazee pia, na nadhani walifanya vizuri.

Baada ya hapo kamera zikaja nyingi: askari, wamisionari, wakubwa wa kampuni, wauza kadi. Aliyejulikana kuliko wote kwa kadi ni Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefika Léopoldville mwaka 1924, akafungua studio, akazunguka nchi na majirani, na mfululizo wake wa kadi akauita kwa maneno yanayosema Afrika inatoweka. Ni picha nzuri. Siwezi kudanganya, kuna sura pale ambazo nimekaa nazo nusu saa. Mwanga wake ni wa mtu anayejua kazi. Lakini angalia chini: kabila, au aina ya mtu, au aina ya nywele. Mtu aliyekaa mbele yake, akanyamaza, akageuza shingo alivyoambiwa, hana jina. Na wakati ule mtu huyo hakuwa anatoweka hata kidogo. Labda alikuwa anafikiria kodi yake ya mwezi.

Na wale wanaosema eti Mwafrika hakuwa na kamera, wawambie habari ya Herzekiah Andrew Shanu. Alizaliwa Lagos 1858, akafika Boma miaka ya 1880 kama karani wa serikali ya Leopold, baadaye akafungua biashara yake, na alikuwa mpiga picha. Picha zake zilitoka kwenye gazeti lililokuwa linachapishwa Brussels. Alikuwa mtu wao, aliyeheshimiwa, mpaka alipoanza kupitisha siri kwa Casement na Morel kuhusu mateso ya watu. Alipogunduliwa, serikali ilikataza watumishi wake wasinunue kwake. Biashara ikafa, na mwaka 1905 akajiua. Mwaka mmoja kabla, kule Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alikuwa amempiga picha Nsala, baba anayeangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo mnaijua. Angalia jambo moja: Nsala ana jina. Harris aliuliza, akaandika. Ndiyo maana picha ile iliweza kusimama mbele ya watu Uingereza na Marekani na kushitaki, kwa sababu mtu mwenye jina anaweza kushitaki.

Turudi chini ya mwembe.

Kulikuwa na picha moja iliyozunguka kwenye grupe letu la WhatsApp, bila shaka wengi mnayo. Soko, wanawake wamekaa chini, vikapu, vyungu, mbingu nyeupe. Chini yake maneno machache ya Kifaransa: soko la wenyeji, Kasongo. Mimi niliitumia hata kwenye kazi yangu, chini nikaandika "Kasongo" kwa uhakika wote wa mtu mwenye mwalimu wa kusahihisha. Tate aliichukua telefone, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwelezea.

"Hapa si Kasongo," akasema.

Nikamwuliza amejuaje, yeye hakuwa amezaliwa. Akaniwekea kidole juu ya kikapu cha upande wa kushoto. "Unaona hii samaki? Iko mubichi. Inalegea. Samaki mukavu hailegei. Na ni mukubwa hivi. Kasongo na mto ni mbali, na zamani hapakuwa pikipiki. Samaki ya Lualaba ilifika Kasongo imekaushwa. Hawa wako pembeni ya mto." Akaendelea kutafuta. Nyuma kabisa, karibu na ukingo wa picha, kulikuwa na fimbo ndefu iliyosimama ambayo mimi kwa miaka miwili niliiona kama mti wa nyumba. "Kafi," akasema. Kafi ya mtumbwi.

Nimeiangalia tena mara nyingi tangu siku ile na naamini samaki kuliko maelezo ya Kifaransa. Aliyechapisha kadi alijua jina moja la mji wa huku, akalibandika. Pengine picha yenyewe ilipigwa Nyangwe, pengine bandari nyingine. Na fikirieni: kama ni Nyangwe, basi wale wanawake wamekaa kwenye ukingo ule ule wa 1871, au wajukuu zao, na sisi tumekuwa tunawaita watu wa fasi nyingine.

Jambo lingine alilonifundisha lilikuwa hili: kukosekana kwa rangi kulimsaidia. Kwenye picha zangu za soko la Kabambare, macho yake yalikuwa yanakimbilia bidoni za njano na beseni za plastiki za buluu, kama macho yangu. Kwenye ile isiyo na rangi alisoma mikono. Alisoma namna kikapu kilivyosukwa, na namna mama mmoja alivyofunga kitambaa. Aliniambia kwamba msichana wa tatu alikuwa na mimba na hakutaka ionekane, na baada ya yeye kusema, ilionekana wazi. Nilijifunza picha nyeusi na nyeupe kwa vitabu vya Kifaransa, lakini aliyenifungulia macho ni mwanamke ambaye shule yake iliishia darasa la tatu.

Yeye mwenyewe ana picha moja. Moja tu. Aliitoa siku ya kumi, baada ya kuona kwamba sichoki. Ilikuwa kwenye bati la zamani la maziwa, ndani ya nailoni, ndani ya kitambaa. Baba yake amekaa, mama yake amesimama, na yeye katikati, mtoto wa miaka minane hivi, mikono imekazwa pembeni kama askari. Ni 1957. Mpiga picha alikuwa Mukongomani, alikuja na baiskeli kutoka Kasongo, akatundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa shule, na watu wakapanga foleni kwa sababu ilikuwa wakati wa malipo ya pamba. Gauni lake kwenye picha ni la kijivu. "Ilikuwa manjano," akasema, "manjano ya ndizi." Miaka karibu 70, na rangi bado iko kichwani mwake.

Picha ile ilikimbia porini mara mbili, 1964 wakati wa Simba, na tena katika vita ya 1998, imefungwa tumboni mwake chini ya kitenge. Nyumba ilichomwa, mashine ya kushona iliibwa, picha ilirudi. Najua familia nyingi za Kasongo na Kabambare ambazo hazikuwa na bahati ile. Watoto wao leo, wakitaka kuona uso wa babu yao, watautafuta Tervuren, karibu na Brussels, kwenye hazina ya makumbusho, chini ya namba inayoanza na herufi AP au HP. Namba iko. Lakini nani atawaambia kwamba huyu njo yeye?

Nikageuza picha ya Tate. Nyuma, kwa wino wa zambarau, mwandiko mzuri wa shule ya misioni: majina matatu, kijiji, tarehe, na "imelipwa nusu." Majina sitayaweka hapa, ni ya familia. Lakini ile "imelipwa nusu" ilinikamata. Yule bwana wa baiskeli hakuandika majina kwa sababu ya falsafa. Aliandika kwa sababu alikuwa na picha arobaini za kuleta, na alipaswa kurudi kumpata kila mtu na kudai nusu iliyobaki. Msafiri wa kadi hakuwa anarudi. Hakuwa na deni na mtu yeyote pale, wala mtu hakuwa na deni naye.

Naona vijana wa Lubumbashi walilielewa jambo hili mbele yetu. Sammy Baloji, aliyezaliwa 1978, alichukua wafanyakazi wa kwenye picha za zamani za migodi, bila rangi, akawakata na kuwasimamisha mbele ya mabomoko ya Gécamines ya leo, yenye rangi. Ni mfululizo wake wa 2006. Baadaye yeye na mwandishi Patrick Mudekereza walifanya kazi juu ya picha ambazo François Michel alipiga katika msafara wa Lemaire kwenda Katanga, 1898 hadi 1900, na kazi hiyo ikaonyeshwa Tervuren 2011. Wao na wenzao hata chama chao cha sanaa kilichoanza 2008 walikiita Picha, kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Katanga wana migodi, wana biashara ya shaba, wana njia. Sisi wa Maniema ya kusini tuna matope na pikipiki. Lakini wazee tunao, na kwa kazi hii mzee mmoja anayejua samaki mbichi ana thamani kuliko mashine. Tatizo ni kwamba wazee hawangoji. Tangu niandike mistari ya kwanza ya andiko hili, wawili kati ya watano niliokaa nao Kabambare wameshatuacha.

Kwa hiyo mimi sasa nafanya hivi, na mwenye kutaka afanye: kila picha ya zamani ya Kasongo, Kabambare, Nyangwe, Kibombo inayoingia kwenye telefone yangu, siiweki tena kwenye statusi kabla ya kuipeleka kwa mzee. Namwachia aishike. Sisemi maneno ya chini yake, maana ukimwambia mzee "hapa ni Kasongo" atakuheshimu na atakubali. Narekodi sauti. Naandika nani alisema, siku gani, na kama wawili wanabishana naandika wote wawili.

Na yule mama wa samaki? Kabla ya kurudi Kasongo nilipitia kwenye kile kibanda chenye paneli ya jua ambako wanachapisha picha za kadi, nikatoa yake mbili: moja ya rangi, na moja bila rangi, kwa kichujio chekundu, uso wake wote unaonekana. Nikampelekea sokoni, nikaomba msamaha. Ya rangi akampa binti yake bila kuiangalia sana. Ile nyingine akaishika muda mrefu, akacheka, akasema yule marehemu amefufuka. Kisha akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Lete biki," akasema.

Hakuandika yeye, aliniambia mimi niandike, juu ya mgongo wa sanduku la samaki, na watu wanasubiri kununua. Jina lake, jina la baba yake, kijiji cha mama yake. Nikadhani amemaliza, nikafunga biki. Akanirudisha niongeze bei ya samaki ya siku ile.